Gari la kale: Injini kuunguruma pekee hakutoshi

WAPENZI wa magari ya kasi ya zamani huona fahari kuu injini iliyonyamaza kwa miaka mingi inapounguruma tena. Wengi hudhani kazi imekwisha, wakalitia gari barabarani. Kumbe hatari ndiyo kwanza inaanza, kwani utiifu wa gari kwa usukani hautegemei injini. Hutegemea sana mpira: matairi na bushi.

Chukua mfano wa Datsun 240Z, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka wa 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Ni gari jepesi, na kila gurudumu lina springi yake. Hata hivyo, bingwa huyu akilazwa karakanani kwa miaka 20, huamka akiyumba.

Sababu ni kuwa mpira huzeeka hata usipotumika. Matairi hukauka na kufanya nyufa, na sehemu iliyobeba uzito wa gari hubonyea. Usihadaike na meno marefu ya tairi. Tazama ubavuni, kwenye alama inayoanza kwa herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho zikiwa 2315, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2015. Zikiwa tatu pekee, lilitengenezwa kabla ya mwaka wa 2000 na halifai tena.

Breki nazo zishughulikiwe mapema. Mafuta yake hunyonya unyevu hewani, yakachemka upesi na kuleta kutu ndani. Yamwagwe yote, na mipira iliyochakaa ibadilishwe.

Kisha fundi akague bushi na viungo vya usukani. Bushi ikipasuka, gurudumu huelekea kusikotakiwa na dereva. Nati za bushi mpya za mpira zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hujipinda linaposhushwa na huchanika mapema. Shokomzoba zinazovuja mafuta zibadilishwe mbili mbili, kulia na kushoto, ili gari lisiegemee upande mmoja.

Kulinganisha magurudumu ndiko kunakokuja mwisho. Anayetangulia kulinganisha kabla ya kubadilisha bushi hupoteza fedha zake, maana pembe za magurudumu zitavurugika tena.

Hatimaye, gari lijaribiwe polepole mahali pasipo na watu. Likivuta upande mmoja au usukani ukitetemeka, lirudishwe karakanani. Kabla ya kutamani kasi iliyolipa gari sifa, mwenyewe ahakikishe kwanza kwamba linaweza kusimama na kukata kona. Maisha yake, na ya wanaopita kando ya barabara, yamo katika vipande hivyo vya mpira.