Kovu Langu na Panya wa Kenya
Jamani, nina kovu gotini, kubwa kama sarafu ya shilingi mia. Nilianguka na bodaboda mwaka juzi, na tangu hapo kaptula naziangalia dukani tu. Sasa nicheke: kuna panya ananizidi!

Anaishi Kenya, manyoya magumu kama miiba. Ukimkamata, ngozi inachanika kama karatasi, anakuachia mkononi na kutimua mbio. Anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo. Utadhani kwisha kazi. Wapi! Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake walieleza kwamba ngozi inaota upya na vinyweleo vyake. Hata sikio likitobolewa tundu la milimita 4, linaziba.

Panya wa kawaida ngozi yake imelegea, kwa hiyo kidonda kinavutwa kutoka pembeni kikafunga, lakini kovu linabaki. Sisi ngozi imeshikamana na mwili kama ya nguruwe (samahani kwa mfano), basi lazima nyama ijae kwanza kutoka chini. Farasi akiumia mguu chini ndiyo balaa, nyama inafura mpaka inamwagika nje ya kidonda.

Kilichoniuma zaidi ni utafiti wa mwaka 2025: nyani na sokwe wanapona haraka kutuzidi zaidi ya mara mbili! Watafiti wanahisi tuliponzwa na kupoteza manyoya, maana kwenye shina la nywele kuna chembe zinazosaidia kuziba ngozi.

Mchumba wangu anasema kovu langu linampendeza. Simwamini hata kidogo. Jumapili tunakwenda ufukweni, na mimi navaa suruali.