UZI: Mafuta hushuka bei duniani. Mbona kwa pampu hayashuki, na mambo ya tabianchi yanaingilia wapi?

1/ Kila mafuta ghafi yanaposhuka bei, mdahalo huwa ule ule. Wa kwanza: "Serikali inawanyonya, duniani bei imeanguka." Wa pili: "Mnataka mafuta ya bei rahisi na bado mnalia mafuriko?" Wa tatu: "Tuharakishe Turkana kabla mafuta hayajakosa soko." Wa nne: "Hii tabianchi ni hadithi, si mnaona dunia bado inanunua mafuta?" Wote wanne wanatumia bei moja kuthibitisha mambo manne. Wacha tutenganishe.

2/ Tuanze na kinachoangusha bei. Juni 2014 pipa la Brent lilikuwa karibu dola 115. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Dunia haikuwa imeacha kuchoma mafuta. Wamarekani walikuwa wamejua kuyakamua kutoka kwenye miamba ya shale, na Novemba 2014 OPEC ilikutana Vienna ikakataa kupunguza uzalishaji. Mafuta yakazidi wanunuzi. Ni hesabu ya soko tu, kama nyanya zikijaa Wakulima.

3/ Mwaka 2020 ikawa kinyume: mafuta yapo, wanunuzi hawapo. Korona ilikuwa imefungia watu nyumbani na ndege chini. Aprili 20, mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ulifunga siku ukiwa zaidi ya dola 37 chini ya sifuri. Yaani mwenye mzigo anakulipa umchukulie, kwa sababu matangi yamejaa.

4/ Halafu 2025. Kuanzia Aprili, OPEC na washirika wake walianza kurudisha sokoni mafuta waliyokuwa wameyazuia. Wakati huo huo vita vya ushuru wa forodha vilitia wafanyabiashara hofu. Brent iliyokuwa juu ya dola 80 katikati ya Januari ikafika karibu 60 mwanzoni mwa Mei.

5/ Miaka mitatu, sababu tofauti. Kwa hivyo mtu akikuambia "bei imeshuka, maana yake dunia inahamia nishati safi", au "bei imeshuka, maana yake nishati safi imekufa", muulize: imeshuka kwa nini safari hii? Bei hubadilika kila dakika. Hewa ya ukaa ikishapanda angani, sehemu yake hukaa huko mamia ya miaka. Kupima tabianchi kwa bei ya mafuta ni kama kupima homa ya mtoto kwa bei ya dawa.

6/ Sasa turudi kwetu. Kwanza, hatununui mafuta ghafi. Kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Tunaagiza petroli, dizeli na mafuta ya ndege yakiwa tayari yamesafishwa, na kwa dola. Bei ya Brent unayoiona kwenye habari ya jioni ni ya bidhaa ambayo meli zetu hazileti.

7/ Pili, kuna kuchelewa. EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, ikiangalia shehena zilizokwisha kufika bandarini. Mfano mzuri ni Juni 2025. Israeli na Iran zikapigana siku 12, mafuta yakaruka, vita vikasimama, yakashuka. Lakini Julai 14 petroli Nairobi ikapanda kwa Sh8.99, kutoka 177.32 hadi 186.31. Watu waliwaka: "Vita si viliisha?" Viliisha, ndiyo. Shehena tuliyokuwa tunalipia ilinunuliwa vikiwa bado moto.

8/ Tatu, dola. Hapa ndipo wengi huteleza. Katikati ya 2022 Brent ilipita dola 120, na petroli Nairobi ilikuwa Sh159.12. Oktoba 2023 Brent ilikuwa karibu dola 90, na petroli ikafika Sh217.36. Mafuta yameshuka, pampu imepanda! Uchawi? Hapana. Mwaka 2022 kulikuwa na ruzuku, na ya petroli iliondolewa Septemba mwaka huo. Julai 2023 VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16. Na shilingi, iliyokuwa karibu 117 kwa dola, ikawa karibu 150.

9/ Nne, tozo zisizosogea. Kwa viwango vya 2025, kila lita ya petroli ilikuwa na Sh25 za ukarabati wa barabara (zilikuwa 18 hadi Julai 2024), Sh5.40 za maendeleo ya petroli, na karibu Sh22 za ushuru wa bidhaa. Jumlisha: zaidi ya Sh52. Hizo ni shilingi kamili kwa lita, si asilimia ya bei. Hata waarabu wa Ghuba wangetupa mafuta bure, ungelipa hizo 52 kabla ya VAT, kabla ya usafirishaji, kabla ya faida ya mwenye kituo.

10/ Kwa hivyo yule wa kwanza kwenye mdahalo ana haki nusu. Bei ya dunia ikishuka kwa nusu, ya pampu haiwezi kushuka kwa nusu, na hakuna aliyeiba chochote katika hesabu hiyo. Lakini kiwango cha tozo ni uamuzi wa watu waliochaguliwa, na uamuzi huulizwa maswali. Jibu la "ni soko la dunia" halitoshi kwa Sh52 ambazo soko la dunia halijui hata kama zipo.

11/ Chukua ile tozo ya maendeleo ya petroli. Julai 2020 ilitoka senti 40 hadi Sh5.40 kwa lita. Angalia mwaka: 2020, mafuta yakiwa ya bei ya chini kabisa. Wazo lenyewe si baya: weka akiba siku za neema, ikusaidie siku za dhiki. Ni akili ya ghala la mahindi. Shida ya ghala ni moja tu: siku ya njaa ukifungua, unakuta magunia au unakuta panya? Hilo ndilo swali la kumuuliza mheshimiwa, badala ya kupigiana kelele juu ya OPEC.

12/ Hapa sasa ndipo tabianchi inapoingia kwa kweli. Mafuta yakishuka bei, kunatokea pengo la pesa. Lazima mtu alichukue. Linaweza kwenda kwa mnunuzi (pampu ishuke), kwa Hazina (tozo ipande, pampu ibaki pale pale), au ligawanywe na sehemu iwekwe kwenye vitu vya kutufanya tutegemee mafuta kidogo kesho. Hakuna mlango wa nne.

13/ Wengine walishafanya uamuzi huu mchana kweupe. Bei ilipoanguka 2014, India iliacha kudhibiti bei ya dizeli Oktoba mwaka huo, na Indonesia ikaondoa ruzuku ya petroli Januari 2015. Walingoja siku ambayo raia hangeumia sana. Ukiondoa ruzuku mafuta yakiwa juu, unaleta moto barabarani. Ukiiondoa yakiwa chini, wengi hawahisi. Wakati wa kufanya jambo ni nusu ya jambo lenyewe.

14/ Lakini wale wa "tabianchi kwanza" nao wasikimbie hesabu ya jikoni. Dizeli iko ndani ya unga, ndani ya sukumawiki iliyotoka Kinangop, ndani ya nauli. Na nauli tunaijua: kupanda ni usiku mmoja, kushuka mpaka makanga aote ndoto. Tozo ya mafuta humfikia hata mama asiyemiliki baiskeli. Ukimwambia alipe zaidi kwa ajili ya hewa safi, mwonyeshe anapata nini: basi, stima, mfereji wa kuzuia mafuriko. Bila hilo, umemtoza tu.

15/ "Mafuta ya bei rahisi yataua nishati safi." Kwa stima yetu, hapana. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, megawati 310, haishindani na Brent. Mafuta huingia kwenye stima kupitia mitambo michache ya dizeli, na utaiona kwenye bili yako kama gharama ya mafuta. Yakishuka, laini hiyo hupungua kidogo. Basi.

16/ Ushindani wa kweli uko barabarani. Mtu wa bodaboda anayefikiria kuhamia pikipiki ya betri hapigi hesabu ya barafu inayoyeyuka. Anapiga hesabu ya lita ngapi kwa siku dhidi ya kubadilisha betri mara ngapi. Petroli ikishuka sana, hesabu inabadilika na anabaki alipo. Ukitaka ahame hata wakati mafuta ni rahisi, fanya pikipiki na chaji viwe nafuu. Mahubiri hayachaji betri.

17/ Na jikoni mambo yanageuka kabisa. Sheria ya fedha ya 2023 iliyopandisha VAT ya petroli ndiyo hiyo hiyo iliyoondoa VAT kwenye gesi ya kupikia. Gesi ni jamaa wa mafuta, inatoa hewa ya ukaa. Lakini ikipanda bei, watu hawahamii jua. Wanarudi kwa makaa, na makaa ni miti ya mtu, na moshi ni kifua cha mtoto. "Kila kinachotoka ardhini ni kibaya" ni kauli tamu jukwaani, lakini haipiki ugali.

18/ Turkana. Mafuta yaligunduliwa kisimani Ngamia-1 Machi 2012, pipa likiwa juu ya dola 100. Kila mtu akaota. Miaka miwili baadaye bei ikaanguka na ndoto ikapoa. Mwaka 2018 malori yakaanza kuyabeba kutoka Lokichar hadi Mombasa, na Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka. Mafuta yale ni mazito kama nta, hayatiririki bila kupashwa moto, na bomba la kufika Lamu ni zaidi ya kilomita 800. Gharama hizo hazishuki kwa sababu Brent imeshuka.

19/ Sheria ya Petroli ya 2019 inasema kaunti ipate asilimia 20 ya mgao wa serikali, na jamii ya pale asilimia 5. Vizuri. Ila asilimia 5 ya pipa la dola 100 na asilimia 5 ya pipa la dola 45 si kitu kimoja. Anayekuahidi shule na visima vya maji Turkana, muulize ahadi hiyo ameipigia hesabu kwa bei gani. Nigeria iliyajua haya 2016: bei ilipoanguka, uchumi ukadidimia, naira ikaanguka nayo. Na wao wana bandari, mabomba na miaka 60 ya uzoefu.

20/ "Lakini sisi hatukuchafua hewa, tuachwe tuchimbe." Hoja hii siidharau. Hewa ya ukaa tunayotoa kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe haifiki asilimia 0.1 ya dunia. Na bado tangu mwisho wa 2020 kaskazini ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria Aprili 2023 kwamba ukame ule ulifanywa uwezekano wake kuwa angalau mara 100 zaidi na mabadiliko ya tabianchi. Mfugaji wa Marsabit alipoteza ng'ombe kwa moshi wa magari ambayo hajawahi kupanda.

21/ Ndiyo maana tunadai fidia, na tuna haki. Lakini haki ya kuchimba haileti mnunuzi. Dubai, Desemba 2023, nchi za dunia zilikubaliana kuanza kuachana na nishati ya mafuta, gesi na makaa ya mawe. Zitafanya haraka au polepole, sijui mtu wa kuapa. Bomba ni deni la miaka ishirini au zaidi, na deni halifutwi soko likikuhama. Mtu akiniambia tuchimbe, simwiti adui wa mazingira. Namuuliza: bei ikianguka, nani anabaki na deni, mwekezaji au mimi?

22/ Msimamo wangu ndio huu. Bei ya chini ni nafasi, na nafasi hufungwa. Ya 2014 ilifungwa, ya 2020 ilifungwa. Ningependa sehemu kubwa ya pengo irudi kwa mwananchi, na sehemu iliyobaki iandikwe waziwazi: shilingi hii ni ya akiba, hii ni ya barabara, hii ni ya mabasi na mitaro. Waweza kukataa mgawanyo wangu. Lakini anayekataa kutaja mgawanyo wowote ameshachagua, ila hataki ujue.

23/ Mdahalo ujao, mkipata maikrofoni, ulizeni haya manne:
a) Bei imeshuka kwa nini safari hii?
b) Katika lita moja, shilingi ngapi ni za dunia na ngapi ni zenu?
c) Pengo mmelipeleka wapi, na tunaweza kuona wapi?
d) Mpango wenu unasimama kwa pipa la dola ngapi? Na likifika 40?

24/ Akijibu yote manne, msikilize hata kama si wa upande wako. Akianza kupiga kelele, mrudishe kwa (b). Hiyo ina namba, na namba huwa haina chama.

Wenye swali waweke hapo chini. Wenye matusi, subirini tarehe 14.