Prosesa: Acha Kuuliza "Ni i Ngapi?"

Ingia duka lolote la laptopu za mtumba kisiwani Mombasa, utamsikia mteja: "Ni i ngapi?" Akiambiwa i7, mkono unaenda mfukoni. Akiambiwa AMD, anakunja uso: "Hizo zinachemka." Kauli hizo mbili zinaniudhi.

Intel, inayouza hizo i, ilianzishwa mwaka 1968, nayo AMD mwaka 1969, zote California. IBM ilipotumia prosesa ya Intel katika kompyuta yake ya 1981, ilitaka awepo muuzaji wa pili wa prosesa hizo. Ndipo mwaka 1982 Intel ikakubaliana na AMD nayo izitengeneze. Tangu hapo ni mahasimu. Lakini amri za biti 64 zinazoendesha laptopu za Intel za leo zilibuniwa na AMD, zikaingia sokoni 2003, na Intel ikazifuata. Anayeidharau AMD anaibeba begani bila kujua. Mei 2009, Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06 kwa punguzo ililowapa watengenezaji wa kompyuta ili waiweke AMD kando. Mahakama iliifuta 2022. Mwaka uliofuata Tume ikarudisha sehemu yake.

Kinachonivutia zaidi ni namna daraja za prosesa zinavyopatikana. Prosesa nyingi huchongwa kwa mwanga juu ya sahani moja ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300, kisha kila moja hupimwa. Kiini (core) kimoja cha prosesa kikiwa kibovu, kiwanda hukizima na kuuza vilivyobaki kwa jina la chini. Ni kama mchuuzi wa maembe: mti mmoja, mafungu matatu, bei tatu. Mwaka 2008 AMD iliuza Phenom X3 ya viini vitatu, ilhali vilichongwa vinne. Kwenye Phenom II X3 iliyofuata, wajanja walikiwasha kile cha nne, na mara nyingine kikafanya kazi vizuri tu! Kilikuwa kimezimwa kwa sababu ya soko, si ubovu.

Basi jina peke yake halitoshi. Core i7-4600U ina viini viwili. I5-8250U ina vinne. Tarakimu ile 4 au 8 ndiyo kizazi. Na kuchemka? Joto letu na feni iliyojaa vumbi vitaichosha prosesa ya kampuni yoyote, nayo itajipunguzia kasi isiungue.

Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikwisha, na Windows 11 hukataa karibu Intel zote za kabla ya kizazi cha nane. Mashine nzima zinaitwa takataka. Ni israfu: mfumo wa Linux huzifufua, na mafundi wetu wanauweza. Mashine hizo zingefaa hesabu za duka, ritani za kodi za KRA, picha za harusi, masomo, filamu.

Wewe unayenunua, usiamini stika. Iwashe mwenyewe, usome namba nzima ya prosesa kwenye skrini, ndipo utoe pesa.