Ray C: sauti iliyotamba, unga ulioinyamazisha na safari ndefu ya kurudi

MUAITHER, DOHA – Walimwita Kiuno Bila Mfupa. Alipopanda jukwaani ukumbi mzima ulisimama, na vibao vyake vilipigwa kwenye redio za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mpaka watoto wakavijua kwa moyo. Miaka tisa tu baada ya albamu yake ya kwanza kutoka, habari zake zikawa nyingine kabisa: mwanadada huyo alikuwa mahututi kwa matumizi ya dawa za kulevya, na familia yake ilikuwa ikihangaika kuokoa maisha yake.

Huyo ni Rehema Chalamila, ambaye mashabiki wanamfahamu zaidi kwa jina la Ray C. Huku Muaither, magharibi mwa Doha, ambako Waafrika Mashariki wengi wanaishi kwenye vyumba vya kugawana, nyimbo zake bado zinasikika kwenye simu za vijana siku ya Ijumaa wakifua nguo na kupika. Wengi wetu tulikulia kwenye sauti hiyo. Ndiyo maana tumeona vema tuisimulie safari yake kuanzia mwanzo, si kwa ajili ya umbea, bali kwa sababu ndani yake kuna mambo yanayozigusa nyumba nyingi tulizoziacha nyuma.

Kutoka Iringa hadi kwenye redio

Rehema alizaliwa Iringa tarehe 15 Mei 1982. Kabla ya kushika kipaza sauti cha kuimbia alishika cha kutangazia. Alianzia East Africa Radio, kisha akahamia Clouds FM, jijini Dar es Salaam.

Huo ulikuwa wakati ambao muziki wa kizazi kipya, au Bongo Flava, ulikuwa unabadilika. Miaka ya tisini vijana walikuwa wanafokafoka tu, na kuimba kulionekana ni kazi ya bendi za dansi na taarabu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 hali ikageuka. Lady Jaydee, TID, K-Lynn, Banana Zorro na Q Chief walichukua mdundo wa R&B wa Wamarekani weusi, wakauvisha maneno ya Kiswahili ya mapenzi, kuachana na kusubiri. Mama mwenye nyumba akaanza kusikiliza muziki uleule aliokuwa akimkataza mwanawe.

Ray C aliingia mlango huo mwaka 2003 na albamu ya Mapenzi Yangu. Sauti yake haikuwa nzito wala ya kupiga kelele. Ilikuwa nyembamba, ya kubembeleza, kama mtu anayekusemesha karibu na sikio. Vikafuata vibao kama Uko Wapi, Na Wewe Milele, Nihurumie, Wanifuatia Nini na Sogea Sogea, na kila kimoja kilikaa kwenye redio kwa miezi.

Lakini kilichomtenga na wenzake kilikuwa jukwaa. Wakati waimbaji wengi wa R&B walisimama wima wakashika kipaza sauti kwa mikono miwili, yeye alikata kiuno kwa namna ambayo wengi walikuwa wameizoea kwenye ngoma na mduara, akivaa nguo zilizozua mjadala kila alipopita. Wapo waliomsema kuwa anapotosha mabinti, wapo waliolipa kiingilio mara mbili kumwona. Wote walijua jina lake.

Umaarufu mkubwa, mfuko mwembamba

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawakulijua wakati ule. Msanii wa Tanzania wa miaka ya 2000 alikuwa tajiri wa jina tu. Kazi yake aliipeleka kwa wasambazaji wa kanda wa Kariakoo, akapewa pesa ya mara moja, na baada ya hapo nakala ngapi zimeuzwa alikuwa hajui. Nakala za wizi zilitapakaa mitaani kabla hata kanda halali hazijafika mikoani.

Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo tangu 1999, na COSOTA iliundwa kwa sheria hiyo, lakini redio zilipiga nyimbo kutwa kucha bila msanii kuona senti. Ilichukua mpaka mwaka 2022 ndipo COSOTA ilipogawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni na kwenye televisheni.

Maana yake ni nini? Ni kwamba msanii aliishi kwa shoo. Ukiimba wikiendi hii, unakula wiki hii. Ukiugua, ukapata matatizo ya nyumbani au watu wakakuchoka, hakuna akiba wala malipo ya uzeeni. Wakati huohuo watu wanategemea kukuona umevaa vizuri, una gari, unacheka. Mzigo huo wa kuonekana uko juu wakati mfuko uko chini umewaelemea wengi, na si wa Bongo pekee.

Unga waingia

Kufikia mwishoni mwa mwaka 2012 minong'ono iliyokuwa mitaani ikawa habari za magazetini. Ray C alikuwa anatumia unga, yaani heroini. Kwa maelezo aliyoyatoa yeye mwenyewe baadaye katika mahojiano mbalimbali, aliingizwa humo kupitia mahusiano ya kimapenzi.

Tuseme wazi kwamba unga haukuanza kwa wasanii. Katika mwambao wa Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam ulikuwa umeshaingia tangu miaka ya themanini. Heroini inayolimwa na kutengenezwa Afghanistan huvushwa hadi pwani ya Makran, hupakiwa majahazini na kuteremshwa Afrika Mashariki ili iendelee na safari ya Ulaya na kwingineko. Kiasi kinachopita si cha mchezo. Mwezi Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja tu karibu na pwani ya Kenya. Na kila mzigo unapopita, makombo hubaki. Makombo hayo ndiyo yanayouzwa kwa kete vichochoroni.

Wasiojua huuliza: kwa nini mtu mwenye jina kama Ray C asiache tu? Jibu liko kwenye arosto. Mwili uliozoea heroini ukikosa kwa saa kadhaa huanza kudai. Jasho, mafua, kutapika, kuharisha, viungo kuuma kana kwamba vinavunjwa. Aliyefika hapo hatafuti raha tena. Anatafuta kupumzika na maumivu, na atauza chochote, kuanzia simu mpaka godoro la mama yake, ili apate kete nyingine.

Dunia nayo mwaka huohuo ilikuwa kwenye msiba unaofanana. Tarehe 11 Februari 2012 Whitney Houston, malkia wa R&B aliyeuza mamilioni ya albamu, alikutwa amekufa kwenye bafu la hoteli mjini Beverly Hills akiwa na umri wa miaka 48. Uchunguzi ulieleza kwamba alizama majini, huku maradhi ya moyo na matumizi ya kokeni yakichangia. Whitney alikuwa na pesa, madaktari na walinzi. Kama yeye hakupona, binti wa Iringa angepona vipi?

Ikulu na Mwananyamala

Alipona kwa sababu mambo mawili yalikutana kwa wakati mmoja.

La kwanza lilikuwa msaada. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alijitolea kugharamia matibabu yake, na mwezi Desemba 2012 Ray C alikwenda Ikulu pamoja na mama yake kumshukuru. Picha zile zilisambaa kila mahali. Kwa mara ya kwanza mtu anayeitwa teja mitaani alionekana ameketi na mkuu wa nchi kama mgonjwa, si kama mhalifu.

La pili ni methadoni. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa dawa hiyo kwa waathirika wa heroini, ikiwa ya mwanzo kwa Tanzania Bara. Mwishoni mwa 2012 huduma ikafika Mwananyamala, na baadaye Temeke, Zanzibar, Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kenya nayo ikaanza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi. Ray C alitibiwa kwa methadoni Mwananyamala.

Dawa hiyo ni ya maji, na mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu kila siku. Inakaa mwilini muda mrefu, inazuia arosto, na inampa mtu nafasi ya kulala, kula na kufikiri. Haigharimu chochote kituoni. Lakini haifanyi kazi kwa wiki mbili. Wengi huinywa kwa miaka, na kuipunguza huenda polepole sana.

Alipojitokeza tena mwaka 2013, Ray C alikuwa amenenepa. Badala ya kufurahi kwamba yu hai, baadhi ya watu wakaanza kumcheka umbo lake na kuuliza kile kiuno kimekwenda wapi. Yeye akajitokeza hadharani kuwaeleza vijana madhara ya unga, na akaanzisha taasisi yake, Ray C Foundation, kwa ajili ya waathirika wenzake. Hilo lilihitaji moyo. Wanaohudhuria vituo vya methadoni wengi ni wanaume. Wanawake hujificha, kwa kuwa mwanamke anayetumia unga hutukanwa mara mbili.

Mwezi Juni mwaka huohuo, mwanamuziki mwingine aliyekuwa amethubutu kusema hadharani kwamba aliwahi kutumia unga, rapa Langa Kileo, aliyeibuka na kundi la Wakilisha mwaka 2004, alifariki Muhimbili. Mwezi Oktoba 2014 Chid Benz akakamatwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na dawa za kulevya. Orodha ikawa inarefuka.

Kuanguka mara ya pili

Mwaka 2016 picha na video zikasambaa tena, zikimwonyesha Ray C akiwa katika hali mbaya. Alikuwa amerudia. Mitandaoni watu walitoa hukumu haraka: wapo waliosema pesa za Rais zimepotea bure, wapo waliogeuza video ile kuwa kichekesho.

Sisi tunasema waliocheka hawakuelewa ugonjwa wenyewe. Kurudia ni sehemu ya maradhi haya kama homa inavyorudi kwa mgonjwa wa malaria ambaye hakumaliza dozi, au kwa aliyepona akarudi kulala bila chandarua. Mtu hutibiwa, kisha anarudishwa mtaa uleule, kwa marafiki walewale, bila kazi, huku kila anayepita akimnyooshea kidole. Rehema alirudishwa kwenye matibabu, na miaka iliyofuata akarejea studio na kuendelea kuzungumza juu ya yaliyompata.

Tuliopo huku

Kuna msomaji atakayeuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Muaither? Yanatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, wengi wetu tunatuma pesa nyumbani, na wapo wenye kaka, dada au mtoto aliyeshikwa na unga. Kumtumia mgonjwa huyo pesa taslimu ni kumnunulia kete bila kujua. Methadoni ni bure, lakini nauli ya kila siku kwenda kituoni si bure, na aliyekunywa dawa bila kula hataendelea nayo. Nauli na chakula, vikipitia mikononi mwa ndugu mwaminifu, ndiyo msaada unaofanya kazi.

Pili, sheria ya Qatar juu ya dawa za kulevya haina mzaha. Adhabu yake ni kifungo kirefu, na kwa usafirishaji ni kubwa zaidi. Mirungi hairuhusiwi, na hata vidonge vya maumivu kama tramadol vinaweza kukuingiza matatani ukiviingiza bila cheti cha daktari. Usikubali kubeba mzigo wa mtu usioujua kilichomo, hata akiwa ni jirani wa utotoni.

Tatu, upweke wa ughaibuni nao ni mlango. Mkataba mgumu, mshahara uliochelewa, ndoa inayovunjika kwa simu: hapo ndipo anapotokea mtu na kitu cha kukusahaulisha. Ray C hakuingia kwenye unga kwa kuwa alikuwa mjinga. Kwa maneno yake mwenyewe, mapenzi ndiyo yaliyompeleka, na yeyote anaweza kupenda.

Whitney Houston hakupata nafasi nyingine. Rehema Chalamila alipata ya pili, akaanguka, akapata ya tatu. Zilitokana na mama asiyekata tamaa, hospitali ya serikali iliyokuwa na dawa, na watu waliokubali kumwita mgonjwa. Vijana maelfu wenye ugonjwa huohuo hawana albamu wala jina, na hakuna rais atakayewapigia simu. Wao wana sisi tu, ndugu zao, tulio nyumbani na tulio mbali.