Injini Haifi Ghafla: Jinsi Moyo wa Ndege Ndogo Unavyotunzwa

Ukizoea gereji za Temeke na Kinondoni, unaijua kanuni ya mtaani: chombo kikiwaka, ni kizima. Bodaboda ikiwaka asubuhi, dereva anaingia kazini. Ikizima pale Tazara saa saba mchana, anaisukuma hadi kwa fundi. Hasara yake ni muda, hela, na abiria kumsonya kidogo. Sasa ihamishie kanuni hiyohiyo juu ya bahari kati ya Dar na Zanzibar, safari ya kilomita kama 70, kwenye ndege ya injini moja. Huko huwezi kushuka ukasukuma.

Ndiyo maana fundi wa ndege anafundishwa kufikiri kinyume na mtaa. Yeye hasubiri injini ife ndipo aitengeneze. Anaipima ikiwa nzima, anaandika alichopima, halafu analinganisha na alichoandika mara ya mwisho. Hiyo ndiyo siri yote, wenzangu. Yanayofuata ni maelezo tu ya kwa nini iko hivyo.

Tuelewane kwanza ni ndege zipi. Bombardier ya Air Tanzania haimo hapa, wala Cessna Caravan unayoiona kila siku Terminal One ikienda visiwani. Zile zina tabini na hunywa Jet A-1, mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa. Tunazungumzia ndege za pistoni: Cessna 172 ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia, 182, na 206 inayotua kwenye viwanja vya vumbi huko porini. Kwa wale wanaosoma matengenezo ya ndege pale NIT Mabibo, hii ndiyo injini ya kuielewa kabla ya kukimbilia makubwa.

Tuchukue Cessna 172S. Injini yake ni Lycoming IO-360: silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, zikitazamana kama watu wawili mezani. Haina rejeta wala maji. Inapozwa na upepo, kama pikipiki. Ukubwa wake ni lita 5.9, yaani silinda moja tu ni karibu lita moja na nusu. Silinda moja hiyo ni sawa na injini kumi za bodaboda ya cc 150!

Lakini nguvu zake ni farasi 180 tu. Ukipigia hesabu kwa kila lita, bodaboda inaizidi zaidi ya mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu bodaboda inazunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika ili itoe nguvu zake zote, wakati hii ya ndege ina kikomo cha 2,700. Propela imefungwa moja kwa moja kwenye krenki, hakuna gia katikati. Propela ya 172S ina kipenyo cha mita 1.93. Kwa mizunguko 2,700, ncha yake inakwenda karibu mita 273 kwa sekunde. Kwa joto la Dar, sauti inasafiri kama mita 350 kwa sekunde. Ukiongeza mizunguko, ncha inaanza kuisogelea kasi ya sauti, na hapo unapata kelele nyingi na msukumo kidogo. Kwa hiyo mhandisi alichagua silinda kubwa zinazokwenda polepole, zifanye kazi nzito saa nyingi bila kulalamika.

Kitu cha pili cha kujua ni moto wa plagi. Kila silinda ina plagi mbili, jumla nane, zinazolishwa na magneto mbili zinazojitegemea. Magneto inazalisha umeme wake yenyewe injini ikizunguka, kwa hiyo hata betri ikifa angani, injini inaendelea. Magneto moja ikifa, ya pili inakufikisha. Kabla ya kuruka, rubani wa 172S anapandisha mizunguko hadi 1,800, anazima magneto moja, anairudisha, anazima nyingine. Mizunguko ikishuka zaidi ya 150, au tofauti ya magneto hizo mbili ikizidi 50, haruki. Na isiposhuka kabisa? Usifurahi. Huenda waya unaoizima magneto umekatika, maana yake ndege iliyoegeshwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwako, inaweza kuwaka mtu akigusa tu propela. Propela haiguswi kwa mazoea, hata kama ndege imezimwa tangu jana.

Sasa tuje nyumbani, maana pwani ina maadui wake.

Adui wa kwanza ni kukaa bure. Watu wengi hudhani ndege isiyoruka inapumzika. Hapana. Kwa unyevunyevu wetu na chumvi ya bahari, inaliwa. Kwenye injini hizi za Lycoming, kemshafti iko juu, ndani ya tumbo la injini. Ndege ikikaa wiki kadhaa, oili yote inachuruzika chini, na chuma cha juu kinabaki uchi mbele ya hewa yenye maji. Kutu inatoboa vishimo vidogo. Siku ikiruka tena, vishimo vile vinasagana na tapeti, na kemshafti inaanza kulika. Kuiwasha chini dakika kumi ili "ipashe" ndiko kunakozidisha balaa, kwa sababu mwako unazalisha mvuke ambao hautoki mpaka oili ipate joto la kutosha. Dawa ni kuirusha karibu saa nzima. Kama haiwezekani, kuna utaratibu maalum wa kuihifadhi, nao uko kwenye vitabu vya mtengenezaji.

Adui wa pili ataonekana kama utani: barafu. Ndiyo, barafu, Dar es Salaam. Cessna za zamani, kama 172N, zinatumia kabureta. Hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta na petroli ikigeuka mvuke, joto linaweza kushuka zaidi ya nyuzi 20 kwa ghafla. Siku ya nyuzi 28 yenye unyevu mwingi, rubani akipunguza eksileta ili ashuke, maji yaliyomo hewani yanaweza kuganda ndani ya kabureta na kuziba koo. Injini inakosa pumzi, na ikija kukaguliwa chini, barafu imeshayeyuka. Fundi haoni kosa lolote. Ndiyo maana mkono wa kuvuta hewa ya moto kwenye kabureta lazima ukaguliwe kwa umakini kama breki za daladala.

Adui wa tatu yumo kwenye mafuta yenyewe. Petroli ya ndege, avgas 100LL, ina risasi, madini yaleyale ambayo dunia iliyaondoa kwenye petroli ya magari, Algeria ikimaliza mwaka 2021. Risasi inazuia mafuta kulipuka kabla ya wakati, lakini pia inaganda kwenye plagi kama punje za kijivu. Kwa hiyo plagi hutolewa, husafishwa na kupimwa. Wewe unayezishika, osha mikono kabla ya kula chipsi, na usinawie petroli hiyo hata kama inaondoa grisi vizuri. Risasi haina huruma na mwili.

Basi upimaji wenyewe unakwendaje? Kawaida oili na chujio hubadilishwa kila saa 50 za kuruka, na kila saa 100 kuna ukaguzi mkubwa. Chujio la zamani halitupwi. Linakatwa, karatasi yake inakunjuliwa kwenye mwanga, na fundi anatafuta vipande vya chuma. Sumaku inakuambia kama ni chuma cha kawaida au ni alumini. Hapo injini inakueleza nani anaumia ndani: kemshafti, pistoni au beringi.

Halafu kuna kipimo cha mgandamizo. Injini ikiwa bado ya moto, unaingiza hewa ya kompresa kwenye silinda kwa shinikizo la paundi 80, mtu mmoja akiwa ameshika propela kwelikweli kwa sababu inaweza kumpiga. Geji ya pili inaonyesha kilichobaki. Ikisoma 75, inaandikwa 75/80, safi. Kwa Lycoming, ikishuka chini ya 60 unaanza kufikiria kuitoa silinda. Continental wana utaratibu wao, soma kitabu chao. Utamu ni kwamba hewa inayovuja inakwambia inakopita. Ikilia kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikilia kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya pili. Ikilia kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimechoka. Unahitaji sikio tu na utulivu.

Hapa ndipo kitabu cha kumbukumbu kinapoingia. Tuseme leo silinda ya tatu imesoma 66/80. Imepita, si ndiyo? Ukifungua kurasa za nyuma ukakuta 76, kisha 75, kisha 72, unajua silinda hii iko njiani kuelekea pabaya. Lakini silinda iliyosoma 66 miaka miwili mfululizo inakuambia habari nyingine kabisa. Namba moja peke yake ni bubu, zinazoongea ni namba zilizopangwa mstari.

Kwa hiyo ukurasa uliojazwa kwa kubuni ni hatari kuliko ukurasa mtupu. Mtupu unamwambia fundi wa kesho kwamba hapa hakuna aliyepima. Wa uongo unamlaza usingizi. Na shinikizo litakuja: ndege ina wageni wa kwenda Mafia, bosi anaangalia saa, mtu anakuambia "we andika tu 74, jana si iliruka vizuri?" Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, inapompa mtu leseni ya ufundi, inampa haki ya kusaini kwamba ndege inafaa kuruka. Haki hiyo inabeba pia uwezo wa kusema hapana.

Lycoming inapendekeza injini kama hii ifunguliwe yote baada ya saa 2,000 hivi. Ikifika huko salama, itakuwa imefikishwa na watu walioandika walichokiona kwa macho yao. Ukianza mafunzo kwa vitendo, mwombe fundi wako akuonyeshe kitabu cha injini kabla hajakupa spana. Kisome kuanzia ukurasa wa kwanza, ndipo ufungue kifuniko.