Kitufe kisicho na jina kwenye MGB: fuata waya kabla ya kukigusa

Anayenunua gari la spoti la zamani aina ya MGB, lililotengenezwa Uingereza, anaweza kukuta mbele ya shofere kitufe kidogo kisicho na maandishi. Moteri inawaka bila hicho, taa na vifuta-mvua pia. Aliyeuza gari naye hajui ni cha nini. Wengi hukigeuza tu wakiwa njiani ili waone kitatokea nini. Kwenye gari hili, mchezo huo unaweza kuleta hasara kubwa.

MGB zilitoka katika kiwanda cha Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya 500,000. Kwa miaka mingi, kifaa kinachoitwa ovadraivu hakikuwa cha lazima: mnunuzi aliongeza pesa kama anakitaka. Ndiyo sababu gari mbili za mwaka mmoja zinaweza kupitana kitufe kimoja.

Ovadraivu hiyo, kazi ya kampuni ya Laycock, inafungwa nyuma ya bwati ya vitesi. Shofere akigeuza kitufe akiwa kwenye vitesi ya nne, moteri inapunguza mizunguko kwa karibu 20 kwa mia, lakini mwendo unabaki uleule. Makelele yanapungua, esansi pia. Mashofere wa Goma na Bukavu wanaoendesha Toyota za otomatiki wanazijua herufi O/D kwenye mkono wa vitesi: ni jina la kitu hichohicho.

Hatari iko kwenye kurudi nyuma. Ndani ya ovadraivu ya Laycock kuna kipande kinachokubali kuzunguka upande mmoja tu. Gari likirudi nyuma wakati ovadraivu imeshika, vyuma vya ndani vinavunjika. Kiwanda kiliweka swichi juu ya bwati ili kuzuia jambo hilo, lakini baada ya miaka 50 swichi hiyo inaweza kuwa imekufa, au fundi fulani ameiruka kwa waya.

Basi mtu ajue namna gani? Kwanza, atoe waya wa betri, kisha aangalie nyuma ya kitufe. Gari za Uingereza za wakati ule zilifuata rangi: kahawia ni umeme wa betri moja kwa moja, nyeupe unapita kwenye kontakti, nyeusi ni masi. Waya wa manjano unaoelekea kwenye bwati ni dalili kubwa ya ovadraivu.

Pili, arudishe betri, afungue kontakti bila kuwasha moteri, aweke vitesi ya nne, ageuze kitufe. Mlio mfupi wa "tak" kutoka chini ya gari unatoa jibu.

Kukiwa kimya, huenda mwenye gari wa zamani alikiongeza mwenyewe, kwa taa za ukungu au feni ya radiatere. Wengine waliweka kitufe cha kukata pompu ya esansi ili kuwazuia wezi. Pompu ya MGB ni ya umeme, iko nyuma, na inasikika "tik-tik" kontakti ikifunguliwa. Sauti hiyo ikikatika kitufe kikigeuzwa, jibu limepatikana.

Kinachobaki ni kuandika jina chini ya kitufe, ili atakayeendesha kesho asianze tena kujaribu.