Je, Wajua? Mashine Inapokujua kwa Sauti

Je, wajua kwamba pua hukutaja kabla ya ulimi? M, n na ng' ni miongoni mwa sauti zinazomfichua msemaji zaidi: hewa yake hupitia puani, na vyumba vya ndani ya pua havibadiliki umbo kila neno kama kinywa. Muuza mnazi wa Kilifi akinadi "mnazi" tu, kwisha, amejitaja. Akishikwa na mafua, mashine inamtilia shaka.

Dz ya Kigiriama, je? Hiyo itasema ulikolelewa, si wewe ni nani. Kaloleni nzima wanayo.

Mwaka 2018 Safaricom ilizindua Jitambulishe: mteja anarekodi sauti yake, na akisahau PIN ya M-Pesa anajithibitisha kwa kuongea.

Mashine hiyo haijali hadithi yako. Huikata sauti vipande vya milisekunde 25 hivi, ikageuza kila kipande kuwa tarakimu, ikalinganisha na zilizohifadhiwa. Jibu lake si "ndiye" wala "siye". Ni kiasi cha kufanana tu. Anayeamua kiasi gani kinatosha ni binadamu, na hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Simu za kawaida zilizoeleka kupitisha mawimbi ya hezi 300 hadi 3,400 pekee. Nguvu kubwa ya "s" iko juu ya hapo, ndiyo sababu ukitaja jina unaulizwa, "S au F?" Ongeza kusi inayovuma ufuoni Malindi, uione kazi ya mashine.

Mwaka 1962 Lawrence Kersta wa Bell Labs, Marekani, alidai katika jarida la Nature kwamba picha za sauti humtambulisha mtu kwa usahihi unaozidi asilimia 99. Mwaka 1979 jopo la wanasayansi wa huko huko likashauri tahadhari kubwa mahakamani. Ushauri huo haujazeeka: 2017, pacha wa mwandishi wa BBC Dan Simmons aliiga sauti ya nduguye akaingia kwenye akaunti yake ya benki.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data, 2019, inautaja utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole na DNA. PIN hubadilishwa, koo, labda uzaliwe upya.

Na pomboo, jamii ya wale wanaoonekana Watamu? Kila mmoja hujitungia mluzi wake angali mdogo, na wenzake huuiga wanapomwita.